Shingo Inayorudi Mlimani: Upasuaji wa Pingili za Shingo na Uimara Wake

(Mhadhara kwa umma, Morogoro)



Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa shingo. Kwa kawaida somo hili hujadiliwa na madaktari wenyewe kwa wenyewe, picha za eksirei zikiwa ukutani. Nimekubali kulileta mbele ya watu wote kwa sababu daktari anapoamua, kule Dar es Salaam, apitie mbele au nyuma, autoe mfupa huu au auache, matokeo ya uamuzi wake hayaonekani pale kitandani. Yanaonekana miezi kadhaa baadaye kwenye njia ya kushuka kutoka Tegetero, mtu akiwa amejitwika mzigo. Shingo ikishindwa, itashindwa huku kwetu. Hoja yangu jioni hii ni moja, na naisema mapema ili mnipime nayo: njia ya kuipasua shingo ichaguliwe kwa kuangalia pia kazi ya mgonjwa na mahali anaporudi. Picha peke yake haitoshi.

Shingo ina pingili saba. Mbili za juu zina umbo la peke yake. Ya kwanza ni pete inayobeba fuvu. Ya pili ina jino linalochomoza juu na kuingia ndani ya pete hiyo. Karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza kichwa kulia na kushoto inatoka kwenye kiungo cha hizo mbili. Tano zinazofuata zinafanana zaidi. Mbele kuna mwili wa pingili, na kati ya mwili mmoja na mwingine kuna diski. Nyuma kuna tao, kuna mwiba ambao ule wa chini kabisa mnaweza kuugusa sasa hivi kwa kidole, na kuna viungo viwili vidogo, kulia na kushoto. Katikati unapita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima njia yake, ukipima kutoka mbele kwenda nyuma, ina takriban milimita 17. Ikiwa chini ya milimita 13 tunasema imebana. Mikono, miguu, haja ndogo na kubwa, na misuli ya kupumulia, vyote vinategemea nafasi hiyo ndogo.

Nini kinaishikilia shingo? Wakulima wa Kinole watanielewa upesi. Mgomba uliobeba mkungu mkubwa huinamia upande wa mkungu. Mkulima ama ausimamishie mti wenye panda upande ulioelemea, ama afunge kamba upande wa pili na kuivuta. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele ya shingo, kwa hiyo kichwa nacho kinataka kuinama mbele muda wote. Miili ya pingili pamoja na diski ndiyo mti wa panda. Matao, miiba, kano na misuli ya nyuma ndiyo kamba. Kila ninachosema baada ya hapa kinarudi kwenye mambo hayo mawili, kwa sababu kila upasuaji wa shingo hukata kimojawapo.

Madaktari walihitaji kipimo, kwani neno "imara" kila mtu alilielewa kivyake. Katika miaka ya 1970 Augustus White na Manohar Panjabi, wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, walieleza kuwa uti ulio imara ni ule unaoweza kubeba mizigo ya kawaida ya maisha bila pingili kuhama kiasi cha kuumiza mshipa wa fahamu, na bila kuleta ulemavu au maumivu yanayomzuia mtu kuishi. Wakaweka na namba. Pingili moja ikiteleza juu ya nyingine kwa zaidi ya milimita 3.5, au pembe kati ya pingili mbili ikizidi ya jirani zake kwa zaidi ya digrii 11, shingo hiyo ishukiwe kuwa imelegea. Namba hizo bado tunazitumia. Lakini naomba mshike maneno "mizigo ya kawaida ya maisha". Maisha ya nani?

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy wa Nairobi na wenzake uliowashangaza wanasayansi. Waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wakakuta kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Mama wa milima ya Uluguru anayeweka ngata kichwani na kushuka na mkungu hadi barabarani ana ujuzi wa jinsi hiyo hiyo, na anastahili heshima yake. Ila mapafu kutochoka hakumaanishi kwamba diski hazichoki. Mwaka 1968 daktari Levy, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliandika juu ya shingo ya mpagazi, yaani majeraha ya shingo kwa watu wanaobeba mizigo mizito kichwani. Baadaye uchunguzi wa wabebaji wa Accra na wa wabeba kuni wa Kongo ulionyesha pia kwamba pingili zao huchakaa zaidi kuliko za wenzao wasiobeba. Mtazameni anayeshuka mteremko wenye mawe. Kichwa hakitikisiki, macho yanatazama hatua tano mbele, na kila kisigino kinapogonga jiwe shingo inapokea uzito wa mzigo pamoja na mshindo wake.

Uchakavu huu hauna haraka. Diski hukauka na kupungua kimo, mfupa huota pembeni, kano za ndani hunenepa, na njia ya mshipa wa fahamu hubana mwaka hadi mwaka. Dalili zake ni za kinyonge mno, ndiyo maana watu huja wamechelewa. Mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Punje za pilipili manga zinamponyoka vidoleni. Miguu inakakamaa, na njia aliyoipita tangu utotoni inaanza kumkwaza. Nyumbani wanasema ni uzee, au karogwa. Shingo yenyewe huenda haimuumi kabisa.

Wengine huja kwa kishindo. Mikarafuu ya Uluguru inachumwa kwa kupandwa, na mafenesi, maembe na nazi vivyo hivyo, na tawi likikatika mtu huanguka kutoka urefu wa nyumba. Katika kumbukumbu za majeruhi wa uti waliotibiwa hospitali ya KCMC, Moshi, kuanguka kuliongoza, mbele ya ajali za barabarani. Huku kwetu barabara kuu ya Dar es Salaam nayo ina fungu lake, na bodaboda zina lao. Kundi la tatu ni kifua kikuu kinachoshuka kwenye mifupa na kula miili ya pingili kimyakimya, hadi siku shingo inapopinda yenyewe.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji.

Njia ya zamani zaidi ya kuupa nafasi mshipa uliobanwa ni kupitia nyuma. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, kichwa kikiwa kimeshikiliwa kwa chuma. Ngozi huchanwa katikati, kisha daktari huibandua misuli kutoka kwenye miiba kulia na kushoto, akifuata mstari mweupe wa katikati ambao hautoi damu nyingi. Halafu hukata matao na kuyaondoa. Utando unaoufunika mshipa wa fahamu, uliokuwa umebanwa, huinuka na kuanza kudunda pamoja na mapigo ya moyo. Kila daktari huyapenda mapigo hayo, maana ndiyo dalili kwamba mshipa umepata nafasi. Lakini hebu tuhesabu kilichoondoka. Matao hayapo. Kano zilizoyaunganisha hazipo. Misuli imebanduliwa mahali iliposhika, na ikirudi hairudi na nguvu ileile. Kamba yote ya nyuma imekatwa, na kilichobaki ni mti wa panda wa mbele. Kama nao umechakaa, kichwa huanza kuinama. Kinapoinama, misuli iliyonyooshwa huchoka zaidi, na kichwa huinama zaidi. Baada ya miaka michache kidevu kinaelekea kifuani na mshipa uliofunguliwa unajikunja juu ya mifupa ya mbele. Watoto wamo hatarini zaidi kuliko watu wazima, kwa kuwa mifupa yao bado inakua na kano zao ni laini.

Hapa mkono wa daktari una uzito kuliko jina la upasuaji wenyewe. Vile viungo vidogo vya pembeni, daktari akikata zaidi ya nusu ya kiungo ili aone vizuri, uimara hupungua waziwazi. Vipimo vya maabara vilivyofanywa kwenye shingo za maiti vimethibitisha hilo. Kadhalika mwiba wa pingili ya pili. Umeshikwa na misuli mikubwa inayoinua kichwa, na anayeweza kufanya kazi yake bila kuibandua misuli hiyo amemwachia mgonjwa hazina. Madaktari wawili wanaweza kuandika jina lilelile la upasuaji kwenye faili, na shingo mbili zikawa na hatima tofauti kabisa.

Wajapani walilitafakari jambo hili sana. Mwaka 1977 Kiyoshi Hirabayashi wa Tokyo alianza kulifungua tao upande mmoja na kuliacha limeshika upande wa pili, badala ya kulitoa. Njia ya mshipa inapanuka, tao linabaki, na shingo inaendelea kuchezacheza. Kwa mgonjwa anayefaa naipenda mno njia hii, maana inaweza kufanywa kwa chuma kidogo kuliko nyingine, na chuma ndicho kinachotugharimu. Ina sharti moja lisilokwepeka. Shingo iwe bado ina mpindo wake wa asili wa kuelekea nyuma. Shingo iliyokwisha kuinama mbele haifaidiki, kwa sababu mshipa hauna pa kurudi nyuma.

Njia ya mbele ilienezwa na Robinson na Smith wa Baltimore mwaka 1955, na Cloward wa Honolulu mwaka 1958. Mgonjwa hulala chali. Mchano mdogo huwekwa kwenye mkunjo wa ngozi pembeni mwa koo, na daktari hupenya kati ya mshipa mkubwa wa damu na bomba la chakula bila kukata misuli mingi. Diski hutolewa yote, mshipa hufunguliwa kutoka mbele, na nafasi hujazwa kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Bamba dogo la chuma na skrubu hukishikilia kipande hicho mpaka pingili mbili ziungane na kuwa mfupa mmoja. Faida yake kwa uimara ni kubwa. Kamba ya nyuma haijaguswa, na mti wa panda uliotolewa umewekewa mwingine.

Lakini mfupa huchukua miezi kuunga, na skrubu ni ya kusubirisha tu. Mfupa usipounga, chuma hulegea au hukatika. Na ukiunga, pingili za juu na za chini yake zinabeba mwendo ambao zamani uligawanywa. Mwaka 1999 Hilibrand na wenzake walionyesha kuwa kila mwaka karibu wagonjwa 3 katika 100 waliounganishwa pingili kwa mbele hupata dalili mpya kwenye pingili jirani, na wakakadiria kuwa ndani ya miaka 10 ni robo yao. Wagonjwa hao walikuwa Wamarekani. Sioni kwa nini anayerudi kujitwika kichwani awe na bahati kuliko wao.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kifua kikuu cha shingo kinapofanyiwa upasuaji wa nyuma peke yake. Ugonjwa umekwisha kula miili ya pingili, yaani mti wa panda umeoza. Daktari anamwona mgonjwa amepooza, anakimbilia kukata matao ili kuufungua mshipa, na kwa kufanya hivyo anaikata kamba, kitu cha mwisho kilichokuwa kimeshikilia. Hodgson na Stock, kule Hong Kong, waliandika tangu mwaka 1956 kwamba ugonjwa ufuatwe mbele uliko, mfupa mbovu utolewe na mfupa mzima upandikizwe. Na wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha uti hupona kwa dawa pamoja na kola, bila kisu, wakiwahi. Wahudumu wa vituo vya afya mliopo hapa, kijana mwenye shingo inayouma usiku, jasho na kupungua mwili, tafadhali msimpe dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani.

Pale ambapo mbele na nyuma vimevunjika, kama kwa aliyeanguka mtini, lazima tufunge. Hadra, huko Texas, alifunga miiba ya shingo kwa waya mwaka 1891. Waya bado una kazi yake, ni rahisi, ila ushikaji wake ni hafifu na mgonjwa anahitaji kola kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 Roy-Camille wa Paris alieneza skrubu zinazoingia pembeni mwa pingili, na skrubu hizo hushika hata pale ambapo tao limekwisha kuondolewa. Kwa pingili mbili za juu, Atul Goel wa Mumbai alionyesha namna ya kuzishika moja kwa moja kwa bamba na skrubu, karibu kabisa na mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo. Ushikaji ni mzuri sana. Gharama yake ni kwamba nusu ya kugeuka kwa kichwa imekwenda. Dereva wa bodaboda aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu hataweza tena kutazama nyuma kwa kugeuza shingo.

Sasa tuzungumze juu yetu. MOI, taasisi yetu ya mifupa pale Muhimbili, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na madaktari wake, wakishirikiana kwa miaka mingi na wenzao wa Weill Cornell ya New York, wamefundisha wapasuaji wa uti kutoka nchi nyingi za ukanda huu. Ujuzi upo. Hata hivyo tafiti zilizochapishwa kutoka hapo hapo zimetaja gharama ya vipandikizi kuwa miongoni mwa sababu kubwa za wagonjwa kusubiri au kukosa upasuaji. Mgonjwa aliyevunjika shingo anaweza kulala na uzito umefungwa kichwani kuvuta pingili, huku ndugu wakichangisha fedha ya skrubu. Katika hali hiyo daktari hushawishika kufanya upasuaji usiohitaji chuma, na upasuaji usiohitaji chuma mara nyingi ni kukata matao ya nyuma. Naisema waziwazi: njia inayoonekana rahisi siku ya kwanza yaweza kuwa ghali kuliko zote, maana shingo ikiinama itahitaji upasuaji wa mbele na wa nyuma, mkubwa mara mbili, kwa mtu ambaye hana tena kipato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa hapa, kama itamlipia mkulima wa Nyandira skrubu za shingo.

Kuna pia lililo mikononi mwetu kabla hata ya hospitali. Mtu akianguka kutoka kwenye mkarafuu, tumezoea kumkalisha, kumpa maji, kisha kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, mmoja mbele na mwingine nyuma akimshika, kichwa kikining'inia kwa kila shimo la barabara. Pingili iliyoteleza milimita 2 inafika 6 njiani, na hakuna mpasuaji duniani atakayeurudisha mshipa uliokatika. Mwacheni amelala. Mmoja apige magoti kichwani na kukishika kwa mikono miwili bila kukivuta, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo hadi kwenye ubao au mlango, khanga zilizoviringishwa ziwekwe pande zote mbili za kichwa, kisha machela ishuke taratibu hata ikichukua saa tatu. Vijana wa Uluguru mnajua kubeba machela kwenye miteremko kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kwa waganga wenzangu nina ombi la kazi. Barua ya rufaa kutoka kituo cha afya huandika umri, jinsia, dalili na dawa. Ongezeni mstari mmoja: mgonjwa hubeba nini, kichwani au mgongoni, uzito kiasi gani, na njia yake ikoje. Mpasuaji anayesoma kwamba huyu ni mama mwenye watoto, anayeshusha ndizi siku za soko, atafikiri mara mbili kabla ya kukata matao na kuacha. Pengine atachagua kuunganisha kwa mbele. Pengine atalifungua tao bila kulitoa. Pengine ataongeza skrubu na kumpigania mgonjwa kwa wahusika wa msamaha wa matibabu. Na atamwambia ukweli kabla ya kisu, kwamba mzigo wa kichwani usirudi mpaka picha ionyeshe mfupa umeunga, na kwamba kwa baadhi ya shingo usirudi kabisa.

Ukweli huo una mzigo wake. Ukimkataza mama kubeba, nani atabeba? Nimeona familia ambazo jibu lao lilikuwa binti wa miaka 12, na sikuridhika nalo. Ni haki waume na vijana wa kiume wasikie maelezo ya daktari pamoja na mgonjwa, siku ileile, chumba kilekile, ili mzigo ugawanywe kwa kujua.

La mwisho ni picha za baadaye. Shingo iliyopasuliwa inatakiwa itazamwe baada ya wiki sita, miezi mitatu, miezi sita na mwaka, mgonjwa akiinamisha kichwa mbele na kukirudisha nyuma, ili zile milimita na digrii zipimwe. Nauli ya kwenda Dar es Salaam na kulala huko inawafanya wengi waishie picha ya kwanza. Eksirei ya namna hii haihitaji Dar es Salaam. Mashine ipo hapa mjini, na picha inaweza kutumwa kwa simu kwa aliyefanya upasuaji, akaisoma jioni ileile na kusema kama skrubu zimetulia au mgonjwa arudi. Wenzetu wa hospitali ya mkoa na wa MOI wakikubaliana juu ya utaratibu huo, mama wa Tegetero atashuka asubuhi na kurudi kwake kabla ya giza.